Kambare wa mama mkwe: mwenye ndoa anapotaka kuingia Uyahudi

Walikuja Jumatatu asubuhi, mke mbele, mume nyuma. Mke akatoa kopo la plastiki kwenye kikapu, akaliweka juu ya mafaili yangu na kulifunua. Ndani kulikuwa na kambare mkavu aliyeungwa kwa karanga, harufu ikajaa ofisi nzima.

"Wakili, kilichotuleta ni hiki."

Mama mzazi wa mke alikuwa ametoka Magu na huyo samaki. Mkwewe akala ugali kwa mchicha, kambare hakumgusa. Alfajiri mama akapanda basi bila kuaga.

Mimi ni wakili hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ndoa, matunzo ya watoto na mirathi. Wanandoa walioslimu, waliookoka na walioingia Usabato nimewapokea sana. Aliyetaka kuwa Myahudi alikuwa huyu wa kwanza, na hata kitenzi chake Kiswahili hakina. Wameniruhusu niandike, na mambo machache nimeyabadilisha wasijulikane.

Mume alikuwa na miaka miwili ya kujifunza. Kwa mama mkwe maelezo yake yalikuwa mafupi: Torati inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba. Sato anayo, sangara anayo, dagaa naye anayo ukimtazama vizuri. Kambare hana. Mama alichosikia ni kwamba chakula cha mwanawe kimekuwa najisi.

Na kambare ni jambo dogo, kwa sababu nyama ni ngumu zaidi. Nyama halali kwa Wayahudi inatoka kwa mchinjaji aliyefundishwa kazi hiyo, na Mwanza simjui hata mmoja. Kwa hiyo msibani, harusini, siku ya kupokea ng'ombe wa mahari, huyu bwana atakaa na sahani ya wali na maharage huku wazee wakimtazama. Msukuma aliyekataa nyama ya shughuli ya ukoo ana maelezo mengi ya kutoa. Siku ya Sabato haiwashangazi watu wa Kanda ya Ziwa, maana Wasabato tunao kila mtaa. Shemeji yake alimwuliza kabisa, "Si ungekuwa tu Msabato, yaishe?"

Sasa, kuingia kwenyewe kukoje? Sala ya toba na maji ya ubatizo havikufikishi huko. Kwanza ni masomo, kwa kawaida mwaka au zaidi. Halafu unasimama mbele ya baraza la watu watatu, wanaliita beit din, wakuhoji kama unajua mzigo unaojitwika. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa kale wa Kiyahudi, inaagiza mwombaji aulizwe kwanza kama hajui kwamba Waisraeli ni watu wanaoteswa. Mwanamume hutahiriwa. Hapa mteja wangu alitabasamu, maana Wasukuma kwa jadi hatukuwa watu wa jando, ila yeye alishafanyiwa hospitali wakati wa zile kampeni. Nikamwambia hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu haikufanywa kwa nia ya agano. Hatakatwa tena, atatolewa tone moja la damu. Mwisho ni kuzama majini mwili mzima, bila nguo wala pete. Kisima maalumu kisipokuwepo, maji ya asili kama bahari au ziwa yanafaa.

"Ziwa hili hili?" mke akauliza, akacheka kwa mara ya kwanza. "Na mamba je?"

Nami ningeongeza kichocho.

Kwa upande wetu wa ziwa, njia iliyo karibu inaelekea Uganda. Huko Mbale wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanza 1919 pale Semei Kakungulu, jemadari aliyewahi kuwatumikia Waingereza, alipojitahiri yeye na wanawe. Walipigwa marufuku enzi za Idi Amin, wakabaki wachache. Mwaka 2002 marabi, yaani walimu wa dini, wa Conservative, mojawapo ya madhehebu ya Kiyahudi, wakawapokea rasmi mamia yao, na kiongozi wao, Gershom Sizomu, alipata urabi Marekani mwaka 2008. Jirani za Mbale hawaoni ajabu Mwafrika kuwa Myahudi.

Ila mteja wangu alikuwa na wazo moja ambalo ilibidi nilivunje. Alidhani akishaingia yeye, watoto wamemfuata. Kwetu ng'ombe wakishatoka, mtoto ni wa ukoo wa baba, nani atabisha? Sheria ya Wayahudi inakwenda kinyume: mtoto humfuata mama. Kundi la Reform la Marekani, lililolegeza jadi zaidi, tangu 1983 linamkubali pia mtoto wa baba Myahudi, kwa masharti, lakini Conservative, na Orthodox wanaoshika jadi kwa ukali zaidi, hawakubali. Kwa hiyo binti yake wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka minne wangebaki walivyo. Baraza linaweza kumwingiza mtoto mdogo, lakini akifika umri wa utu uzima wa dini, miaka 12 kwa binti na 13 kwa mvulana, ana haki ya kukataa.

Na mke? Marabi wa Orthodox kwa kawaida hawampokei mtu ambaye mwenzake anabaki nje, kwa sababu wanaona wangekuwa wanamwingiza moja kwa moja kwenye ndoa ambayo sheria yao inaikataza. Wakiingia wote wawili, hufungishwa ndoa upya, na jadi ya kale inawataka watengane siku 90 kwanza, ili ikijulikana kuna mimba, ijulikane ilianza kabla au baada. Niliposema hilo, mume alitazama dirishani. Nadhani hakuwa amefika huko kwenye masomo.

Serikali yetu haijali upya huo wa ndoa. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kubadili dini, na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 kubadili dini peke yake hakuvunji ndoa. Kunaweza kutumika kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, ikiwa wote walikuwa dini moja walipooana na sheria za dini hiyo zinaruhusu ndoa kuvunjwa kwa sababu hiyo. Kwa kawaida hata hivyo mtapita kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na bila hati yake shauri la talaka halipokelewi. Kuhusu watoto, mahakama huangalia ustawi wao kwanza. Mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa ni vema akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na amri ya malezi inaweza kuwekewa sharti la dini atakayolelewa.

Kwa hiyo nilimwambia mume wazi: jifunze, funga, sali, ila binti usimhamishe shule wala usimkataze kwaya ya kanisani kabla mama yake hajakubali. Hapo kesi nyingi za dini nyingine zilizopita mezani kwangu zilikwama, na mume mwenye haraka ndiye aliyeumia zaidi. Mke nilimwomba kitu kimoja tu, awe na sufuria moja ya samaki ambayo kambare haiingii. Hakujibu. Alifunga kikapu chake wakaondoka.

Kopo walilisahau. Mchana nilimla yule kambare na karani wangu, na alikuwa mtamu kwelikweli.

Wiki ya pili mke alilifuata, peke yake. Ndoa bado haijatulia, alisema, na kwa baba mkwe suala la watoto halijafunguliwa hata kidogo. Lakini mama yake alikuwa amepiga simu kutoka Magu, hakumsalimia wala nini, akauliza tu:

"Na furu je, ana magamba?"

Nikamwambia anayo.