Kijiti, sindano au kitanzi: anza kwa kuuliza habari ya damu

Wanawake wengi wanaofika kliniki ya mama na mtoto kuulizia uzazi wa mpango huwa wameshaamua kabla hawajakaa kitini. "Nataka kijiti kama cha wifi yangu." Au: "Nipeni chochote, lakini sindano sitaki, shoga yangu ilimvuruga." Hatuwalaumu, kwani habari za wifi na shoga ndizo za mwanzo kufika nyumbani. Ila njia iliyomkaa vizuri wifi inaweza kukuvuruga wewe, na mara nyingi kinachomfanya mtu aache njia yake ni damu iliyobadilika bila ya yeye kuambiwa mapema.

Sindano ya miezi mitatu huchafua hedhi mwanzoni: leo matone, wiki nzima kimya, kisha damu tena. Baada ya mwaka, karibu nusu ya wanaoitumia hawaoni hedhi kabisa. Hapo khofu huingia kwamba damu inajikusanya tumboni. Haijikusanyi popote. Homoni ya sindano huufanya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ubaki mwembamba, basi hakuna kilichojengeka cha kutoka. Kijiti, kinachotiwa chini ya ngozi ya mkono, nacho kina matone yasiyo na ratiba, na kwa baadhi ya wanawake huendelea kwa miezi mingi. Kitanzi cha shaba, kinachotiwa ndani ya mfuko wa uzazi, hakina homoni. Hedhi huja kwa wakati wake, ila miezi 3 hadi 6 ya mwanzo huwa nzito na tumbo huuma zaidi. Vidonge vyenye homoni mbili ndivyo vinavyotuliza damu: huja kidogo, na siku yake inajulikana.

Kwa mwanamke wa Unguja au Pemba hili linagusa sala, funga na unyumba. Mwenye matone ya siku nyingi hujiuliza kama ile ni hedhi au istihadha (damu isiyo ya hedhi), maana mwenye istihadha hujitoharisha, akatawadha kwa kila sala ya faradhi, akaswali na akafunga. Muuguzi hatoi fatwa. Anachoweza ni kukwambia mapema njia ipi ina matone, na kukushauri utie alama kwenye kalenda kila siku unayoona damu, ili ukienda kwa sheikh au kwa mwalimu wako wa chuoni uwe na kitu cha kumuonesha. Asiyetaka kuishi na shaka hiyo tunamwambia waziwazi: fikiria kitanzi au vidonge kabla ya kijiti au sindano.

Kwenye kuzuia mimba kwenyewe, tafauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wanawake 100 wakitumia kijiti mwaka mzima, ni nadra hata mmoja kushika mimba. Kwa kitanzi cha shaba hazidi mmoja. Kwa sindano ni kama 4, vidonge 7, kondomu ya kiume 13, na azal (mume kumwaga nje), waliyoitumia wazee wetu tangu zamani, karibu 20. Hesabu hizi zimechanganya na wanaosahau. Kidonge kinachomezwa kila siku bila kukosa huzuia vizuri sana, lakini nani hasahau?

Na kusahau huku kwetu kuna sababu zake. Mkulima wa mwani wa Micheweni hufuata bamvua. Maji yakikauka hawezi kuuacha mwani kwa ajili ya tarehe ya kwenye kadi. Kwa sindano ana nafasi: anaweza kuiwahi kwa wiki 2, na akichelewa hadi wiki 4 bado huchomwa bila ya kuanza upya. Mke wa mvuvi wa Kojani, mume akiwa dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, huacha vidonge kwa kuwa "mwenyewe hayupo". Kisha mume anarudi usiku bila ya habari. Vidonge havikingi papo hapo. Akianza upya katikati ya mwezi anahitaji kondomu kwa siku 7. Na anayemeza asubuhi asingoje Ramadhani iandame. Ahamie usiku siku chache kabla, kwa kuwahisha kidonge na si kukichelewesha. Ameze baada ya futari, kwani daku mtu hupitiwa na usingizi.

Anayetaka mtoto mwakani tusingependa achague sindano. Haiui uzazi, ila baada ya dozi ya mwisho mimba inaweza kuchukua miezi 10 hivi kushika. Kwa vidonge, kijiti na kitanzi, uzazi hurudi mapema baada ya kuacha au kutolewa.

Kijiti ni kipande laini chenye urefu wa sentimita 4 hivi, kinachotiwa chini ya ngozi upande wa ndani wa mkono wa juu, baada ya sindano ya ganzi. Huoni kitu, lakini ukipapasa unakigusa. Kitanzi ni plastiki ndogo ya umbo la herufi T iliyozungushiwa waya wa shaba, hukaa hadi miaka 10 au zaidi. Hakipandi moyoni kama wasemavyo watu, maana mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda kifuani. Kinachoweza kutokea ni kuteleza na kutoka, ndiyo maana unafundishwa kupapasa nyuzi zake ukeni.

Mwenye presha, au anayenyonyesha mtoto mchanga, asipewe vidonge vya homoni mbili. Anayetumia dawa za kifua kikuu au kifafa aseme mapema, maana baadhi yake hupunguza nguvu ya vidonge na kijiti. Kunyonyesha peke yake hukinga, lakini mambo matatu yawepo pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto hapewi kitu chengine, hata maji. Kufunga kizazi ni kwa wanandoa walioridhika kuwa hawataki mtoto tena. Kati ya njia hizi, ni kondomu tu inayokinga maradhi ya zinaa na virusi vya UKIMWI.

Na kijiti au kitanzi ukikichoka, huna haja ya kungoja miaka yake iishe wala kutoa sababu. Nenda kituoni, sema unataka kitolewe.