"Njia mbili" ni za mshahara, si za mchezaji

Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia simu kutoka Ontario. Mwanawe ana miaka 24, ni beki wa hoki ya barafu AHL, ligi iliyo chini ya NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini. "Kaka, sisi hatuna wasiwasi. Mkataba wake ni wa njia mbili, wakimshusha leo kesho watampandisha." Ilikuwa mara ya nne mwezi huo kuyasikia maneno hayo hayo, kila mara kwa mzazi mwingine. Kusoma mikataba ya hoki ya barafu ndiyo kazi inayonilisha, lakini siku hiyo nilishusha pumzi kwa sauti hadi akaniuliza kama naumwa.

Jina lenyewe linapotosha. Mtu akisikia "njia mbili" anaona barabara ya kupanda NHL na kushuka AHL. Kumbe linalosemwa hapo ni pesa tu. Mkataba umeandikwa mishahara miwili: ukiwa timu kubwa unalipwa huu, ukiwa timu ya chini unalipwa ule. Msimu wa 2025-26 kima cha chini NHL ni dola 775,000, na malipo huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo kila siku unayokaa juu ni takriban dola 4,000. Mwenye mshahara wa dola 80,000 huko chini akipandishwa kwa siku 20, ameshaingiza sawa na msimu wake mzima wa AHL. Hapo ndipo maana ya njia mbili inapoishia.

Kinachoamua kama atashushwa kirahisi ni weiva, yaani utaratibu wa kumtangaza mchezaji kwa timu nyingine kabla ya kumshusha, na weiva haiangalii mkataba ni wa aina gani. Inaangalia alisaini mara ya kwanza akiwa na umri gani, ana misimu mingapi, na amecheza mechi ngapi za NHL. Aliyesaini akiwa na miaka 18, kama si kipa, kwa kawaida ana msamaha wa weiva hadi misimu mitano ipite au mechi 160 zitimie, lolote litakalotangulia. Aliyesaini na miaka 20 ana misimu mitatu. Aliyesubiri hadi 25 ana mmoja. Makipa wana hesabu yao, ndefu kidogo.

Msamaha ukiisha, timu ikitaka kumshusha lazima imweke weiva kwa saa 24, na timu nyingine zote 31 zina haki ya kumchukua bure. Zikiwa zaidi ya moja, iliyo nyuma kwenye msimamo ndiyo inampata. Nashville walijaribu hivyo Desemba 2022 kwa Eeli Tolvanen, kijana waliyemchagua raundi ya kwanza ya drafti, pale timu za NHL zinapogawana vijana, mwaka 2017. Seattle wakamdaka. Msimu huo huo akawafungia mabao 16 katika mechi 48, na Nashville hawakupata hata senti.

Sasa rudi kwa mama yule. Mwanawe alisaini na miaka 20, msamaha umekwisha. Kumpandisha hakuna weiva, kumrudisha ndiko kwenye shughuli. Akishapita weiva bila kuchukuliwa, timu ina nafasi ya kumpandisha na kumshusha hadi afikishe mechi 10 au siku 30 kwenye kikosi cha juu; zaidi ya hapo, weiva upya. Kwa hiyo beki mmoja akiumia Jumanne, meneja anayetaka mtu wa mechi mbili tu atamwita kwanza dogo wa miaka 21 mwenye msamaha, hata kama huyu wa 24 anamzidi kwa mchezo. Mkataba wao wote wawili ni wa njia mbili! Nilimweleza mama, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa kwa nini wanauita hivyo?" Swali zuri. Si mimi niliyeubatiza.

Maneno mengine ya wazazi nitayapitia haraka. "Anayeongoza kwa mabao AHL ndiye atakayepanda." Hapana. Kikosi cha NHL kina watu 23, na anayeumia ana kazi yake maalumu. Akiumia fowadi wa mstari wa nne anayecheza timu ikiwa pungufu, anaitwa mtu wa kazi hiyo, na mfungaji wenu anabaki kufunga.

"Yuko timu ya chini ya Toronto, kwa hiyo ni mchezaji wa Toronto." Angalia alisaini na nani. Wapo wenye mkataba wa AHL peke yake. Hao hawawezi kucheza NHL hata mechi moja mpaka wasaini mkataba wa NHL, na timu hairuhusiwi kuwa na zaidi ya mikataba 50 ya aina hiyo.

"Asipopanda kabla ya miaka 23 amekwisha." Jordan Binnington alikuwa na miaka 25 St. Louis walipompa mechi yake ya kwanza kuanza langoni, Januari 2019, timu ikitoka kuburuta mkia wa ligi nzima. Alimaliza mechi hiyo bila kufungwa, na Juni wakabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, mbele ya Boston. Msimu uliotangulia walikuwa wamemwazima kwa Providence, timu ya chini ya hao hao Boston. Na Boko Imama, mzaliwa wa Montreal ambaye wazazi wake wametoka Kongo, alichaguliwa kwenye drafti ya 2015 akacheza mechi ya kwanza NHL mwaka 2022, akiwa na Arizona.

Jambo ninalowasumbua nalo wateja wangu wote, hadi wananicheka, ni pasipoti. Timu ya chini ya Edmonton, ya Kanada, iko Bakersfield, California, Marekani. Simu ikija usiku, mechi ni kesho, ng'ambo ya mpaka. Familia zetu nyingi huku bado zina karatasi za ukimbizi au viza zinazokaribia kuisha. Mama yule nilimwuliza ya mwanawe inaisha lini. Akasema ngoja nikaangalie, na mpaka leo nasubiri jibu.