Maji ya Akiba Umeme Ukikatika Majira ya Baridi: Maswali na Majibu

Umeme ukikatika, maji yanahusikaje?
Pampu nyingi za visima na za majengo marefu hutegemea umeme. Zikisimama, bomba hukauka.

Niweke kiasi gani?
Angalau lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kutosha siku 3. Ukiwa na nafasi, weka ya wiki 2. Mama anayenyonyesha na mgonjwa waongezewe. Ya kumwagia chooni yawe kando.

Dumu la aina gani?
La maji au chakula, lenye mdomo mwembamba na kifuniko. Lililokuwa na mafuta ya taa au dawa ya wadudu halifai, hata ulisugue wiki nzima. Usilijaze pomoni, kwani maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9 na dumu hupasuka.

Baridi kali si inaua vijidudu?
Haiui. Naulizwa hivi kila majira ya baridi, na anayeuliza mara nyingi ameshakunywa. Vijidudu vingi hustahimili kuganda. Barafu ikiyeyuka, vinaendelea na kazi yake.

Hata theluji safi kabisa, nyeupe?
Hata hiyo. Iyeyushe, kisha uichemshe.

Lakini maji yangu yalikaa nje usiku kucha, yakaganda yote!
Yachemshe. Kuganda si kuchemka, na vijidudu havionekani kwa macho hata maji yawe maangavu namna gani.

Nichemshe kwa muda gani?
Yakishatokota kwa nguvu, hesabu dakika 1. Ukiwa mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, dakika 3. Tafadhali, jiko la mkaa lisiingizwe ndani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu waliojifungia kwa sababu ya baridi.

Na kama sina pa kuchemshia?
Tumia dawa ya klorini ya kufulia, ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato wala sabuni: matone 2 kwa lita. Koroga, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kisha tia matone 4.

Tumechemsha na tumefunika, mbona watoto wanaharisha?
Nionyeshe kikombe. Mara nyingi ni kimoja, kimekaa juu ya kifuniko cha ndoo, na kila mtu hukitumbukiza mpaka maji yanamfika kwenye kifundo cha mkono. Mkono wenyewe haujanawa, eti tunabana maji! Mimina kutoka kwenye dumu, au tumia ndoo yenye koki. Na maji ya kunawa mikono yamo kwenye hesabu ya zile lita 4, hayabanwi.

Mtoto anayeharisha nimpunguzie maji ili tumbo litulie?
Usithubutu. Mpe zaidi, kidogo kidogo na mara kwa mara, pamoja na ziwa la mama kama ananyonya. Pakiti ya ORS, yaani dawa ya kurudisha maji mwilini, ikikosekana, changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Akiwa na macho yaliyodidimia, akilia bila machozi, akishindwa kunywa, akilegea au akitoa damu kwenye choo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, umeme uwe umerudi au haujarudi.