Uafrika Mashariki haukupunguzii Utanzania

Katika semina zangu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iwe Namanga, Mutukula au Horohoro, hakosekani wa kuuliza: "Tukishakuwa Waafrika Mashariki, Utanzania wetu si utakufa?" Juzi kauliza mwalimu wa somo la uraia. Mwalimu! Ndiyo maana naandika.

Jina Tanzania limeanza kutumika Oktoba 1964. Bibi aliyezaliwa Magu mwaka 1940 alizaliwa Msukuma chini ya Waingereza, akaja kuwa Mtanganyika, kisha Mtanzania. Ni siku gani aliambiwa auache Usukuma? Hakuna. Aliongezewa, na alichokuwa nacho akabaki nacho. Mmasai wa Longido na mwenzake wa Kajiado walitenganishwa na mstari ambao Wajerumani na Waingereza walikubaliana mwaka 1886. Leo mmoja ni Mtanzania, mwingine Mkenya, na bado wanahesabiana rika. Basi anayebeba ukoo, kabila, dini na taifa kwa wakati mmoja atashindwaje kubeba na kanda? Isitoshe, Mkataba wa 1999 ulioanzisha Jumuiya haukuanzisha uraia wa Jumuiya. Pasipoti yenye jina la Jumuiya unapewa na nchi yako, na jina la nchi yako liko palepale kwenye jalada.

Wengine husema Kiswahili pekee kitatuunganisha. Nakipenda Kiswahili, lakini mwaka 1994 Wanyarwanda walikuwa na Kinyarwanda kimoja, na mauaji ya kimbari yakatokea.

Kuna na hili la kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977 kwa sababu hatupendani. Waliofarakana ni wakubwa: mgawanyo wa faida, ujamaa na ubepari, Nyerere kukataa kuketi meza moja na Idi Amin wa Uganda. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na watu wa Tarakea na Loitokitok hawakuulizwa.

Wa mwisho husema haya ni mambo ya viongozi huko Arusha. Mimi naona yanajengwa mpakani. Mama anayevuka na mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, wenye bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, ana haki ya cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayoonyesha zimetoka wapi, asitozwe ushuru wa forodha. Akivuka bila kuzungushwa wala kuombwa chochote, siku hiyo Jumuiya ni yake. Kwa hiyo nasisitiza kila semina: ukifika mpakani ulizia cheti hicho kwa watu wa forodha, na ukishakijua, mwonyeshe na aliye nyuma yako kwenye foleni, awe wa nchi yako au wa ng'ambo.