Nilivyoanguka Mbele ya Tom Mboya: Yaliyosemwa na Umati, na Ukweli Kuhusu Kutoa Damu

Nilianguka Moi Avenue, mbele ya sanamu ya Tom Mboya, saa saba mchana, na nikaiangukia meza ya biskuti. Siwezi kuficha, mashahidi ni wengi mno. Ndani ya hema mambo yalikuwa yamekwenda shwari: sindano ikaingia, mfuko ukajaa, hata nikapata nguvu za kumtania nesi. Aliponiambia nipumzike dakika kumi na tano, nikaona ananidharau. Mwanamume wa kilo 90, abembelezwe kama mtoto wa chanjo? Nikasimama, nikapiga hatua tatu, soda zikaanza kucheza.

Nilipofumbua macho, miguu yangu ilikuwa juu ya kiti na nusu ya Nairobi ilikuwa imeinama kunitazama. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake.

"Wamemmaliza damu!" alipaza sauti kijana wa mkokoteni.

Hawakunimaliza. Mfuko huchukua mililita 450, hata chupa ya soda ya nusu lita haujai, na mtu mzima ana lita tano hivi mwilini. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu ndizo hukawia wiki kadhaa, ndiyo sababu mwanamume huambiwa arudi baada ya miezi mitatu na mwanamke minne.

Kilichoniangusha ni neva. Iko moja ndefu, inaitwa vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Ikishtuka, kwa hofu au njaa au kusimama ghafla, mapigo ya moyo hupungua, mishipa ya miguuni hulegea, damu hukusanyika chini na ubongo hukosa ya kutosha. Mwili hukulaza chini, na ukishalala, damu inafika kichwani tena. Ndiyo maana nesi aliniinua miguu badala ya kunimwagia maji kama mzee mmoja alivyokuwa akishauri. Kilo zangu hazikuwa na usemi hapo. Anayetoa mara ya kwanza huwa hatarini zaidi, na mimi nilikuwa wa mara ya kwanza, tena sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake usiku.

"Mpeni bitiruti!" Huyo alikuwa mama mwenye kiondo, na alisema kwa upole kiasi kwamba nilitaka kumtii. Imani hii imeenea Nairobi kuliko vumbi: kila kinywaji chekundu kinaongeza damu. Lakini wekundu wa bitiruti ni rangi tu. Mwili unahitaji madini ya chuma kutengeneza chembe nyekundu, na hayo yamo kwa wingi kwenye maini, nyama na maharagwe. Yamo pia kwenye mboga za terere na managu, na ukiyala pamoja na chungwa au ndimu mwili huyapokea vizuri zaidi. Chai tunayoipenda, ikinywewa pamoja na chakula, huyazuia. Soda niliyopewa ilikuwa ya maji na sukari. Ingekuwa nyeusi au ya chungwa ingefanya kazi ile ile.

"Hapo ndipo watu hutoka na ukimwi," akanong'ona mwingine, kwa sauti ya kusikika hadi kituo cha matatu. Sindano hufunguliwa mbele yako, hutumika mara moja na kuharibiwa. Anayepimwa ni wewe: damu yako huchunguzwa HIV, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende kabla ya kumfikia mgonjwa.

Mwanamume wa suti alijitetea bila kuulizwa: yeye ni kundi O, damu ya kawaida, kwa hiyo haina soko. Nesi alicheka hadi akashikilia meza. Kwa sababu O ndilo kundi la Wakenya wengi, ndilo huombwa zaidi wodini.

Lakini dhana iliyonigusa ni ya mzee wa maji. "Wangengoja ajali itokee, tutakuja wenyewe." Nilimwelewa. Mwisho wa barabara hiyo hiyo ndipo bomu lilipolipuka Agosti 7, 1998, watu zaidi ya 200 wakafa, na Wanairobi wakapanga foleni kutoa damu. Foleni zile zilikuwa za heshima. Ila damu ya leo haiwezi kumwokoa aliyelazwa leo kwenye meza ya upasuaji: lazima ipimwe kwanza, na vipimo vina saa zake. Inayomwokoa ni ile iliyokwisha kuwa kwenye friji. Nayo haikai, chembe nyekundu hudumu wiki tano au sita, chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku tano tu. Waliotoa mwezi wa tatu hawatamsaidia mtu wa mwezi wa sita.

Umati ulitawanyika kanjo, askari wa jiji, walipotokea upande wa pili na wachuuzi wakaanza kukimbia. Nesi aliokota biskuti zilizobaki nzima, akaniwekea mbili mkononi, kisha akanikabidhi kadi yenye tarehe ya kurudi. Chini ya tarehe aliandika kwa herufi kubwa: ALE KWANZA. AKAE MPAKA ARUHUSIWE.