Je, wajua kwa nini valvu mpya, yaani kile chupa cha kioo kinachokuza mawimbi ya sauti, hubadilisha sauti ya amplifaya moja na kuiacha nyingine vilevile?

Chukua ECC83 mbili, valvu ndogo za mwanzoni mwa amplifaya, za viwanda tofauti. Zibadilishane kwenye amplifaya ya 300B (valvu ya nguvu inayosukuma spika) isiyo na mrejesho hasi, na huenda hata asiye na mazoea ya kusikiliza akauliza umefanya nini. Zibadilishane kwenye amplifaya ya EL34, nayo valvu ya nguvu, yenye mrejesho wa desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa mawimbi), na huenda asijue kama kuna kitu kimeguswa. Valvu ni zilezile. Kilichobadilika ni saketi iliyozizunguka, na kwa kulisahau hilo watu hubishana bure kuhusu kiwanda kipi kina valvu tamu.

Mrejesho hasi hufanya hivi: sehemu ndogo ya mawimbi yanayokwenda kwenye spika hurudishwa mwanzoni mwa amplifaya ikiwa kinyume, hulinganishwa na mawimbi yanayoingia, na kosa lililozaliwa njiani hupungua. ECC83, ambayo kwa jina la Marekani ni 12AX7, huandikwa na kiwanda kuwa na kipimo cha ukuzaji cha 100, lakini valvu halisi hupishana. Tuseme moja inaifanya hatua yake, yaani sehemu ya saketi inayokuza mawimbi, ikuze pungufu kwa asilimia 10. Pasipo mrejesho, pato hushuka kwa desibeli 0.9. Sikio hulihisi badiliko hilo, ila mara nyingi haliliiti kupungua kwa sauti; husema muziki umepoa. Kukiwa na mrejesho wa desibeli 20, upungufu uleule hubaki desibeli 0.1, na hakuna atakayeusikia.

Kubadilisha aina ya valvu ni jambo jingine kabisa. ECC81, ECC82 na ECC83 zina mpangilio mmoja wa pini, na zote huingia kwenye soketi moja, ndiyo maana wengi huzichanganya. Kipimo cha ECC81 ni 60 hivi, cha ECC82 ni kati ya 17 na 20. Angalia hatua ya kawaida ya ECC83: umeme wa volti 250, rezista ya anodi (elektrodi inayopokea elektroni) ya kiloomu 100, ya kathodi (inayozitoa) ya kiloomu 1.5. Hupita karibu miliampea 0.9, anodi husimama kwenye volti 160 na ushee, na mawimbi hukuzwa karibu mara 54. Weka ECC82 hapo bila kugusa rezista. Mkondo huongezeka karibu maradufu, anodi huporomoka hadi chini ya volti 100, na ukuzaji hubaki mara 14 au pungufu kidogo. Hiyo ni hasara ya desibeli 12 hivi.

Sasa iingize hasara hiyo kwenye amplifaya yenye mrejesho wa desibeli 20. Sauti yenyewe hupungua kwa desibeli 2 na kidogo tu, kwa hiyo mtu huongeza volyumu na kusahau. Lakini mrejesho umeshuka kutoka desibeli 20 hadi karibu 10. Upotoshaji umepanda, na amplifaya haiishiki tena spika ya besi kama zamani, hivyo besi hulegea na kuonekana nene. Wapo wanaosifu matokeo hayo kuwa ni ulaini wa ECC82. Kwa kweli wanasikia amplifaya iliyonyang'anywa nusu ya mrejesho wake. Si dhambi kuipenda sauti hiyo, mradi isihesabiwe kuwa sifa ya valvu.

ECC88 isichanganywe na ndugu hao. Hita yake, yaani waya unaoipasha kathodi moto, hupata umeme kwenye pini ya 4 na ya 5 tu, volti 6.3, ilhali pini ya 9 ni kinga katikati ya triodi mbili (valvu za elektrodi tatu) zilizo ndani ya kioo kimoja. Ukiichomeka kwenye soketi ya ECC83 iliyofungwa kwa volti 6.3, pini ya 4 na ya 5 zimeunganishwa pamoja, kwa hiyo haitawaka. Soketi ikiwa imefungwa kwa volti 12.6, hita itapata volti maradufu. Tena anodi yake haitakiwi kuzidi volti 130.

Kwenye valvu za nguvu, herufi za Ulaya husaidia kidogo: E ni hita ya volti 6.3, L ni pentodi (valvu ya elektrodi tano) ya nguvu, 8 mwanzoni mwa namba ni kitako cha pini tisa, 3 ni kitako cha okta, yaani cha pini nane. EL84 huvumilia joto la wati 12 kwenye anodi, na jozi yake hutoa kama wati 17. EL34 huvumilia wati 25, 6L6GC wati 30, KT88 wati 35 na zaidi. Usidanganyike na tarakimu: kutoka wati 17 kwenda 34 ni desibeli 3 tu.

EL34, 6L6GC na KT88 zote huingia kwenye soketi ya okta, na ajali nyingi huanzia hapo. Hita ya 6L6GC hula ampea 0.9, ya EL34 ampea 1.5, ya KT88 ampea 1.6, kwa hiyo transfoma iliyopimwa kwa nne za aina ya kwanza itachemka ikiwekewa nne za aina ya mwisho. EL34 pia ina gridi (wavu wa waya kati ya kathodi na anodi) ya tatu kwenye pini ya 1, ambayo lazima iunganishwe na kathodi, pini ya 8. Kwenye amplifaya za 6L6, fundi huweza kuwa ameitumia pini ya 1 kama kishikizo cha rezista nyingine, kwa kuwa haikuwa na kazi. Geuza chasisi uangalie kwanza.

Kuangalia huko kunataka tahadhari. Kapasita za umeme mkubwa huweza kubaki na mamia ya volti baada ya plagi kutolewa. Pima kwa multimita, zitoe chaji kupitia rezista, pima tena. Wala usiwashe amplifaya ya valvu bila spika au rezista ya mzigo, kwani transfoma ya pato huweza kuungua kwa volti zinazoruka ndani yake.

Kisha bayasi, yaani volti hasi ya gridi inayoamua mkondo wa valvu ikiwa imetulia. Kwa amplifaya ya jozi yenye bayasi ya kurekebishwa, anzia kwenye asilimia 70 ya uwezo wa anodi. EL34 yenye volti 430: wati 17.5 gawanya kwa 430 ni karibu miliampea 41. Ukipima juu ya rezista ya omu 1 kwenye kathodi, milivolti moja ni miliampea moja, ila kipimo hicho kinabeba pia mkondo wa gridi ya skrini, yaani gridi ya pili, miliampea kama 5, kwa hiyo 46 hivi ndiyo inayofaa. KT88 huhitaji volti hasi zaidi ya EL34. Ukiichomeka bila kurekebisha, mkondo hupita kiasi na anodi hugeuka nyekundu. Zima mara moja. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye kioo hauna neno, lakini zambarau inayojaa katikati ya elektrodi ni gesi. Doa la fedha lililo ndani ya kioo likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, iache kila valvu ipate joto dakika 20, weka upya bayasi ikiwa ni ya nguvu, kisha cheza toni ya hezi 1,000 na upime volti kwenye spika. Tofauti ya desibeli 0.1 ni asilimia 1.2 hivi, kwa hiyo ya kwanza ikisoma volti 2.00, rekebisha volyumu hadi ya pili iwe kati ya 1.98 na 2.02. Bila hatua hii, yenye sauti kubwa kidogo hushinda karibu kila mara. Gonga kioo taratibu kwa penseli huku volyumu ikiwa wazi: mlio mrefu wa kengele maana yake valvu hiyo haifai hatua ya kwanza, hasa ya santuri, ambako kelele yake hukuzwa na kila kinachofuata. Tofauti ikitoweka baada ya volti kusawazishwa, bakiza ile yenye mchakacho mdogo na bei nafuu.