Gari lisilo na waya wa mafuta: watu wanachoogopa na ukweli wake

Juzi jamaa kaniuliza atafute gari la zamani lenye waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedeli ya mafuta mpaka kwenye enjini, au achukue hizi ambazo pedeli ina soketi ya umeme tu, maana kaambiwa za umeme zinaweza kuchomoka zenyewe, yani kuongeza mwendo bila kukanyagwa, na breki isishike. Hii nimeisikia sana, na inanikera kwasababu inafanya watu waogope kitu sicho.

Pedeli ya hivyo ina sensa mbili sio moja, kontroli boksi, yani kompyuta ya gari, inazilinganisha muda wote, zikipishana inawasha taa ya cheki enjini na kupunguza nguvu, unatembea mdogo mdogo mpaka kwa fundi. Wengi hapo wanasema gari bovu kumbe limejilinda. Kile kisa cha Toyota kudaiwa kuchomoka zenyewe kule Marekani 2009 na 2010 ndo kilitia watu hofu, serikali yao ikaita mpaka NASA, wale wa mambo ya anga, na ripoti ya 2011 haikukuta kasoro ya umeme ya kulifanya gari lichomoke, kilichoonekana ni kapeti kubana pedeli na pedeli zingine kunata. Na mimi kapeti ishanibana nikiwa nashuka mlima, nikakanyaga breki moja ya nguvu bila kupampu nikatupa nyutro, gari likasimama. Usichomoe ufunguo jamani, stelingi itajifunga.

Lingine eti gari likizimika breki na stelingi vinakufa. Hapana, kwa magari yetu mengi breki bado inaenda kwa mabomba ya oili, ukizimikiwa inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara moja au mbili ila inashika. Stelingi ya umeme nayo ile mota ni msaidizi tu, chuma kipo mpaka kwenye tairi. Hata Infiniti Q50 ya 2013 iliyokuja na stelingi inayogeuza tairi kwa nyaya za umeme iliwekewa chuma cha akiba, Tesla Cybertruck ya 2023 ndo haina kabisa.

Cha kuogopa ni bisibisi ya fundi. Akitaka kusafisha throtoli, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye enjini, akaanza kusukuma nayo kile kisahani cha ndani swichi ikiwa on, mwambie aache, kuna vijigia vidogo mle ndani. Na silensa, yani mzunguko wa enjini bila kukanyaga mafuta, ikipanda baada ya kusafisha usikimbilie kununua throtoli nyingine, gari nyingi zinatakiwa zifundishwe upya silensa yake, mtafute fundi mwenye mashine ya kupima kwanza.